Jina Lake Halipo Kwenye Orodha

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa mashirika yanayofanya kazi na kaya maskini, hapa Dodoma mjini. Wengi walikuwa vijijini siku ile, wengine barabara ziliwakatalia kwa mvua, nao wameomba nakala. Nimeyaacha kama nilivyoyatamka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa wilaya zetu kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, maafisa ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii, wakurugenzi wenzangu, wasaidizi wa kisheria, viongozi wa dini, na ninyi akina mama wa vikundi mliotoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika ili mfike hapa, nawasalimu kwa Kigogo: mbukwenyi!

Sijasikia vizuri. Mbukwenyi!

Asanteni. Nianze na swali. Nani kati yenu anamjua mtu aliyestahili kabisa kusaidiwa, lakini orodha ilipobandikwa ofisi ya kijiji jina lake halikuwepo? Nyoosheni mikono. Tazameni nyuma yenu, tazameni pembeni. Karibu ukumbi mzima. Basi leo nataka tumzungumzie mtu huyo, maana naamini mashirika yetu yapo kwa ajili yake yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tukitamka hifadhi ya jamii, mawazo ya wengi yanakimbilia mifuko ya pensheni, NSSF na PSSSF. Tunaona hati ya mshahara, makato ya kila mwezi, mafao ya kustaafu. Ni jambo jema. Lakini mkulima wa uwele kule Bahi, hati ya mshahara ataitoa wapi? Mama anayeponda kokoto kando ya barabara, nani anamkatia mchango? Kijana anayechunga ng'ombe wa watu Chemba, siku akivunjika mguu anamdai nani? Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba Watanzania 26 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Hao ndio tunaowazungumzia. Wamefanya kazi maisha yao yote, ila hakuna mahali kazi yao iliandikwa.

Serikali haikukaa kimya. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianza mwaka 2000, na mwaka 2012 ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ambao baadaye ulifikia kaya zaidi ya milioni moja. Niambieni, ni shirika gani humu ndani linaloweza kulipa kaya milioni moja kila baada ya miezi miwili? Hakuna. Hata tukiuza magari yetu yote hatufiki hata wilaya moja. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tumekuja kuchukua nafasi ya Serikali. Kazi yetu iko mahali pengine, na nitaieleza kwa kisa cha bibi mmoja.

Bibi huyu ni wa Wilaya ya Bahi. Sitamtaja jina wala kijiji. Alikuwa analea wajukuu watatu. Mama yao alifariki, baba yao aliondoka kwenda machimboni na hakurudi. Mkutano wa kijiji ulimtaja. Watu wote walisema huyu anastahili, hakuna aliyepinga. Ikafika siku ya kukamilisha taratibu. Ili alipwe kwa simu alitakiwa awe na laini ya simu. Ili apate laini alitakiwa awe na kitambulisho cha taifa. Ili apate kitambulisho alitakiwa athibitishe alizaliwa lini na wapi, kisha atoe alama za vidole. Bibi alizaliwa mwaka wa njaa fulani, ndivyo alivyojua. Cheti hakuna. Na vidole vyake, ndugu zangu, miaka hamsini ya kupura, kutwanga, kushika jembe na kuchuma mlenda, vilikuwa vimesuguka alama zote kama kokoto ya mtoni. Aliweka kidole kwenye kioo cha kifaa, taa ikawaka nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu. Akafuta kwa ncha ya kanga, akaweka tena, nyekundu. Akamgeukia kijana aliyeshika kifaa akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Hakuna ofisa aliyemchukia, hakuna mtu aliyemfuta. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na kila aliyesimama kwenye hatua ile alifanya alivyoelekezwa. Lakini mwisho wa siku bibi alirudi nyumbani mikono mitupu, kilomita saba kwa miguu kutoka kituo cha kuandikisha, na jina lake likabaki nje.

Nini kilimrudisha kwenye orodha? Siyo semina. Siyo kitabu cha mwongozo. Ni binti mmoja wa shirika dogo, mtoto wa juzi tu katika kazi hii, aliyerudi kwa yule bibi mara nne. Mara ya kwanza alikwenda kanisani kutafuta daftari la ubatizo, akalipata, karatasi zimeliwa na mchwa pembeni lakini mwaka unasomeka. Mara ya pili alikuja na msaidizi wa kisheria, wakaandaa hati ya kiapo. Mara ya tatu alimpeleka bibi kwa bodaboda kwenye kituo cha kuandikisha, lakini kabla hawajaingia alimwosha mikono kwa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, akampaka mafuta, wakakaa chini ya mti nusu saa wakisubiri ngozi ilainike. Kidole gumba kilikataa. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikakubali. Mara ya nne alimfundisha mjukuu mkubwa namna ya kusoma ujumbe wa malipo, ili bibi asimtegemee mtu wa kando.

Mara nne, ndugu zangu. Chupa ya chai na mafuta ya kujipaka. Kwenye ripoti kazi ile ilikaa mstari mmoja: mnufaika mmoja ameunganishwa na huduma. Nami nasema huyo mnufaika mmoja ndiye sababu ya sisi kusajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002. Serikali inaweza kufikisha mpango mpaka kijijini. Kutoka ofisi ya kijiji mpaka mlangoni kwa bibi pana hatua mia mbili, na hizo hatua mia mbili ndizo zetu.

Sasa niseme jambo la pili. Sisi siyo wa kwanza kuwasaidia maskini katika nchi hii ya kati. Wazee mliopo hapa mnajua kuliko mimi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Wagogo hawakungoja mfadhili aje awafundishe kuishi na hali hiyo. Walikuwa na kuhemea. Chakula kikiisha kwako, unafunga safari kwenda kwa ndugu au kwa rafiki ambako mvua ilinyesha, unafanya kazi pale, unarudi na kiroba cha mtama. Mwakani huenda ukame ukawapiga wao, nao wanakuja kwako. Na waliokuwa na ng'ombe wengi waliwagawa kwa jamaa wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukija usiwakute wote zizi moja.

Utaratibu ule ulikuwa na mpaka wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kwenda kubeba mizigo ya vita, kisha mvua ikakatika. Ikaja Mtunya, njaa ya 1917 mpaka 1920. Watu walitawanyika, wengi mno walikufa, na familia nyingine hazikupata kukutana tena. Pigo likiwapata wote kwa pamoja, jirani hana cha kumpa jirani. Hapo ndipo dola inapohitajika, hapo ndipo sisi tunapohitajika. Lakini tunapoingia kijijini, tuulize kwanza: hapa watu husaidianaje? Nani humpelekea nani unga? Nimeona miradi inayoingia kana kwamba kijiji kilianza kuwepo siku gari la mradi lilipofika, na inaniuma kila ninapoiona.

Kuna neno linalonichosha masikioni, nalo nalisikia hata kwa wenzetu tunaofanya nao kazi: ukimpa maskini pesa mkononi unamlemaza, ataishia kilabuni. Waliosema hivyo walisahau kwamba jambo hili limeshapimwa, na lilipimwa hapa hapa kwetu. Kabla mpango haujaenda nchi nzima, ulijaribiwa Chamwino, Bagamoyo na Kibaha kuanzia mwaka 2010. Vijiji 80: 40 vikaanza kupokea, 40 vikasubiri, ili watafiti walinganishe. Wakaona nini? Kaya zilizopokea ziliingia zaidi kwenye bima ya afya. Ziliongeza mifugo. Watoto wao walivaa viatu. Viatu, ndugu zangu! Mtu asiyejua mwiba wa mgunga na mchanga wa Dodoma saa saba mchana ataona kiatu ni kitu kidogo.

Tena miaka ya nyuma kule Muleba, mkoani Kagera, shirika la KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwalipa pensheni ndogo ya kila mwezi wazee, hasa mabibi waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI kuchukua wazazi. Mabibi wale walinunua chumvi, sabuni, viatu vya shule. Bibi akishika noti, anayekula kwanza ni mjukuu. Je, hamkulijua hilo tangu utotoni kwenu?

Nimesema mazuri. Sasa nataka niseme la aibu, na ni la kwangu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafanya kazi katika shirika moja, tukapeleka mbuzi wa maziwa kwenye kijiji kimoja Wilaya ya Mpwapwa. Mbuzi wazuri, wakubwa, weupe. Tulipiga picha. Tuligawa kwa kaya zilizochaguliwa, tukatoa mafunzo siku mbili, tukasimika bango la chuma barabarani lenye jina la mradi, tukaacha namba ya simu ya kupiga endapo mbuzi wataugua. Mradi ulikuwa wa miaka miwili. Ulipokwisha, tulikabidhi. Mnalijua neno hilo, kukabidhi. Tulitia saini karatasi na mwenyekiti wa kijiji, tukanywa soda, tukaondoka.

Nilipita tena kijiji kile baada ya miaka kama mitatu, kwa shughuli nyingine kabisa. Bango halikuwepo barabarani. Nililikuta nyumbani kwa mama mmoja, limekuwa mlango wa banda la kuku, maandishi yamepinduliwa chini. Nikamuuliza habari za mbuzi. Akanijibu kwa upole sana, na upole ule ndio ulionichoma: "Walipougua tulipiga ile namba. Tulipiga siku tatu. Haikupatikana." Ile simu ilikuwa ya mradi. Mradi ulipofungwa, laini nayo ilifungwa.

Nimelala na maneno yale usiku mwingi. Siyo kwamba mbuzi walikuwa wabaya. Hatukumwachia mtu. Ofisa mifugo wa kata hatukumshirikisha mpaka siku ya soda. Dawa zilikuwa zinatoka kwetu mjini badala ya duka la pembejeo lililokuwa palepale sokoni. Tulijenga kitu ambacho sisi tukitoka, kinaanguka. Naomba kila mkurugenzi humu ndani, kabla hajasaini andiko jingine la mradi, ajiulize: siku ile namba yetu haitapatikana, huyu mama atampigia nani?

Na katika kijiji kilekile kulikuwa na kitu kilichosimama. Akina mama walikuwa na sanduku. Mnalijua sanduku: la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa wanawake watatu wanaokaa vitongoji tofauti, kwa hiyo hakuna awezaye kulifungua peke yake. Kila wiki wanakaa chini ya mbuyu, wananunua hisa, wanagongewa mhuri kwenye kijitabu, na pembeni kuna kibakuli cha mfuko wa jamii: shilingi mia tano kila mmoja, kwa ajili ya msiba, ugonjwa, mtoto aliyeungua. Utaratibu huu shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991, ukafika kwetu, nao VICOBA, yaani benki za jamii vijijini, wakaja na wa kwao, na leo hauhitaji mradi kuendelea. Sanduku lile mtu aliwapa mara moja tu, pamoja na madaftari. Basi. Lilikuwa bado linafunguliwa kila Alhamisi.

Lakini tusilisifu sanduku kupita kiasi, na hapa akina mama mnisamehe, maana nawaambia kwa mapenzi. Yule bibi wa Bahi hayumo kwenye kikundi chenu. Hana ya kununua hisa, na mnaogopa kumdhamini mkopo. Mwenye ulemavu wa akili hayumo. Msichana aliyezalishwa akiwa darasa la saba hayumo, mara nyingine kwa sababu mmemnyooshea kidole. Nao wasiomo kwenye sanduku, shida ikiwabana, wanaangukia mikononi mwa mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kunyonya, wanaweka rehani godoro, wanaweka rehani kitambulisho kilekile tulichohangaika mara nne kukipata. Kwa hiyo mfuko wa jamii usiwe wa wanachama peke yao. Nimeona vikundi viwili Kongwa vinavyotenga kibakuli kwa kaya moja ya jirani asiye mwanachama. Ni vikundi vya wanawake wasio na kitu. Kama wao wameweza?

Nije kwenye pesa zetu sisi mashirika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Ijumaa mtu yuko kazini, wiki inayofuata ameambiwa asitoke nyumbani. Wahudumu wa jamii waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu dawa zao walikaa, na wale waliokuwa wakipitiwa hawakujua kwa nini hakuna anayebisha hodi. Siwalaumu waliotusaidia kwa miaka mingi, nawashukuru. Ila hatuwezi kukubali kwamba uji wa mtoto wa Chemba utegemee uchaguzi wa nchi ambayo mama yake hawezi kuionyesha kwenye ramani. Tuanze kuchanga wenyewe. Tuwaendee wafanyabiashara wa zabibu na alizeti, misikiti na makanisa, wana Dodoma wanaoishi mbali. Na tukichanga, bajeti tuibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kila shilingi, mpaka posho zetu. Mtu hawezi kuchangia asichokiona.

La mwisho ni sauti. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 11, inazungumzia haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Inasema haki. Haisemi huruma, haisemi fadhila. Kweli, sehemu hiyo ya Katiba huwezi kwenda nayo mahakamani. Ndiyo maana inahitaji wa kuisemea. Zanzibar walisemea: mashirika ya wazee yalilivalia njuga jambo hili miaka na miaka, yakapeleka ushahidi, yakakaa na viongozi, na Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 akaanza kupokea shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa. Hakuna dodoso la kumuuliza kama ana redio. Ana miaka 70? Anapokea. Huku Bara bado tunaliomba.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaliomba mbele yako leo bila kelele na bila kuchoka. Na sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa mwaka 2023 inapoendelea kutekelezwa, tunaomba wasio na uwezo wa kulipa waandikishwe kwanza. Sisi tutakuletea majina. Hiyo ndiyo ahadi yetu: tutaleta majina yaliyohakikiwa na mikutano ya vijiji, siyo hadithi.

Na ninaposema majina, nina maana hiyohiyo. Pale mlangoni kuna daftari jeusi. Kurasa zake zimeandikwa kata za wilaya zote za mkoa huu. Kabla hujaenda kula, pita pale. Andika kitongoji na kaya moja unayoijua ambayo imeachwa nje, na mbele yake andika jina lako wewe utakayekwenda. Usiandike jina la shirika, andika lako. Tutakutana tena baada ya mavuno, mwezi wa saba, na daftari lile nitakuja nalo mimi mwenyewe. Tutalifungua ukurasa kwa ukurasa, na kila mmoja atasimama atuambie alirudi mara ngapi.

Ukurasa wa Bahi tayari una majina mawili. Wa Chemba bado ni mweupe.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.